Mtoto Anayechuchumaa



Mwaka mmoja tulipokuwa Isiolo kwa darsa za Ramadhani, mama mmoja wa Bula Pesa alitujia na mwanawe wa miaka mitatu. Midomo na kucha za mtoto zilikuwa za buluu. Akikimbia hatua chache huchuchumaa, akahema, kisha akainuka. Majirani walikwisha kusema ni jini. Nasi tukamsomea siku baada ya siku, wala hatukumuuliza mama kama amefika hospitali. Kosa hilo ni letu.

Aliyetuzindua ni muuguzi, jamaa ya mama yule. Alitwambia kuchuchumaa kule ni mwili kujitafutia nafuu, ili damu zaidi ipate kwenda mapafuni. Mtoto akapelekwa Nairobi kupimwa moyo kwa ultrasaundi.

Daktari akisikiliza kifua husikia mvumo, lakini hawezi kuhesabu kasoro kwa sikio. Kipimo hiki hakikati ngozi wala hakina mionzi. Kifuani hupakwa jeli ya baridi, kikapitishwa kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, na mwangwi wake huchora moyo ukipiga. Kilianzia Lund, Uswidi, mwaka 1953. Kwa mtoto yule zilionekana kasoro nne pamoja, zile alizozieleza daktari Fallot wa Marseille mwaka 1888: tundu baina ya vyumba viwili vya chini, njia ya mapafuni iliyobana, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu, na ukuta wa kulia ulionenepa. Kwa nadra, hasa kwa watoto wenye hali ya Down, nne hizo huandamana na tundu jingine katikati ya moyo na vali moja mahali pa mbili. Daktari wa upasuaji lazima alijue hilo kabla ya kushika kisu.

Dada mmoja alituuliza iwapo hospitali inapunguza tawakkul. Mtume (s.a.w.) alitufunza kumfunga ngamia kisha tumtegemee Allah, na watu wa Isiolo wanajua kuliko sisi ngamia asiyefungwa huishia wapi.

Basi mama akiona mtoto anatoka jasho akinyonya, haongezeki uzito, au midomo inageuka buluu akilia, asingoje. Amkunje magoti yafike kifuani apate kutulia, kisha aende hospitali na kuomba apimwe moyo.

Kisomo hatukukiacha. Ila siku hizi, kabla ya kufungua msahafu, tunauliza kwanza karatasi ya kipimo.