Ujumbe Uliofika Muscat Hautoi Damu Chake Chake

“Sambaza, usipite tu, huenda ukaokoa roho ya mtu.” Hakuna mwenye simu Pemba ambaye hajapokea maneno haya chini ya picha ya mgonjwa. Nasi tumeyaamini: ombi likienda mbali, msaada unazidi. Si kweli. Ombi likishatoka mikononi mwa wanaomjua mgonjwa, linageuka kelele.

Chukua ombi la damu. Mzazi amejifungua, damu imemtoka nyingi, mpwa wake anaandika mbio mbio: “Damu ya kundi O inahitajika haraka leo, hospitali.” Leo ya lini? Hospitali ipi, ya Chake, ya Wete, au Abdalla Mzee kule Mkoani? Ujumbe unaruka Dar es Salaam, Muscat, London, kila mmoja akiongeza “nami nimetumiwa”. Wiki inapita, unarudi Wete ukiwa bado unasema “leo”. Mzazi ameshatoka wadini, au ameshazikwa, na simu ya mumewe haikomi kulia. Aliyeko Muscat hakutoa hata tone. Amebonyeza, akalala ameridhika. Kuridhika huko ndiko kunakotudhuru.

Hata anayekimbilia hospitali, damu yake haiingii kwa mgonjwa palepale. Hupimwa kwanza Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Mara nyingi inayomwokoa mzazi usiku huu ni damu iliyotolewa na mtu wiki zilizopita, ikahifadhiwa kwenye jokofu, ambako haikai hata miezi miwili. Mtu huyo hakulizwa na picha yoyote.

Kuna watakaonitajia Kisiwa Panza kutetea kusambaza. Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, watu 78 wakalazwa. Sumu ile haina dawa ya kuiua, haiishi kwa kupikwa, na mama aliyekula anaweza kumpitishia mwanawe kwa maziwa. Katika msiba kama huo dua husambaa, na dua ni jambo jema. Lakini Novemba 2021 Pemba hii hii ilishazika watu saba kwa nyama hiyo hiyo. “Usile kasa, na kama umekula nenda hospitali hata ukijiona mzima”: onyo hili halina picha ya kuliza. Nani analisambaza siku ambayo hakuna maiti?

Linalofaa tunalijua. Mchango wa kumpeleka mtu Muhimbili ukipita kwenye grupu la ukoo, lazima atokee mjomba wa kuuliza: “Nani kaenda kumuona kwa macho yake?” Mmoja anajibu, anatuma na karatasi ya daktari. Fedha zinaingia usiku uleule, na zikitimia anayezikusanya anawaambia wenziwe wasitume tena. Tangazo la msikitini baada ya Isha ni hivyo hivyo: aliyesimama kulitoa anajulikana kwao, na ukitoka nje unamuuliza. Ombi linalozunguka dunia halina wa kuulizwa wala wa kulifunga.

Mimi maombi ya aina hiyo huyazuia kwangu, na nimeshaambiwa nina roho ngumu. “Na kama ni kweli?” Kama ni kweli, piga namba iliyomo. Ombi halina namba? Basi hata ukitaka kusaidia, utampelekea nani?