Anayeabudiwa ndiye anayeokoa

Naomba kusema jambo moja, kwa sababu wapo wanaodhani Utatu ni ubishi wa wanateolojia usiomhusu muumini wa kawaida.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kujadili mafundisho ya Ario, padri wa Aleksandria, aliyesema kuwa Mwana aliumbwa. Athanasio, wakati huo akiwa shemasi na baadaye askofu wa mji huohuo, alitumia maisha yake kumpinga. Hoja yake iligusa wokovu moja kwa moja: kiumbe hawezi kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu. Kama Kristo ni kiumbe, bado tumo katika mauti. Tena, Wakristo waliomwomba tangu mwanzo wangekuwa wameabudu kisichokuwa Mungu. Kwa msimamo huo alihamishwa kwa nguvu mara 5.

Basili wa Kaisaria naye alimtetea Roho Mtakatifu. Anayetutakasa, na ambaye tunabatizwa kwa jina lake pamoja na Baba na Mwana, anastahili kutukuzwa pamoja nao. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulisimama upande huo.

Basi, ibada yetu inakiri ni nani aliyetuokoa. Nawasihi wachungaji, mapadri na makatekista: msiwafundishe watoto Utatu kama jibu la kukariri kabla ya kipaimara. Waonyesheni kwamba Mungu mwenyewe, wala si mjumbe wake, ndiye aliyekuja kututafuta.