Chupa ya soda si ya mafuta taa

Mzazi mwenzangu, hebu chungulia chini ya meza ya jikoni. Mafuta taa umeyatia katika chupa gani? Katika nyumba nyingi za mijini mafuta hayo hununuliwa kidogo kidogo na kutiwa katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma. Ajualo ni kwamba chupa hiyo huwa na kitu kitamu.

Akiyanywa, wengi wetu hukimbilia kumtapisha au kumnywesha maziwa. Hilo ni kosa kubwa. Mafuta taa hudhuru zaidi yanapoingia mapafuni, na mtoto anapotapika ndipo hupata njia ya kuingia huko. Usimtie kidole kooni. Mvue nguo zilizolowa mafuta, umwoshe kwa maji na sabuni, kisha umkimbize hospitalini mara moja, hata kama hakohoi. Ichukue na chupa yenyewe, daktari aione.

Lakini kwa nini tufike huko? Nunua mtungi wenye kifuniko cha kubana, uuweke juu asikofikia mtoto. Mwenye duka naye akatae kujaza chupa ya soda. Tusiite ajali jambo tulilolitayarisha kwa mikono yetu wenyewe.