Mgongo Mpya wa Pikapu

Hapa Panda, katika mji wetu wa Likasi, nani asiyezijua pikapu zirudizo kutoka vijijini zimejaa mahindi na makala, na juu ya magunia wameketi watu? Nyuma imeinama karibu kugusa ardhi, pua imeelekea mbinguni, na usiku taa zake huwapofusha wajao mbele.

Baba mmoja, jirani yetu, alichoka kuona gari lake hivyo. Akaenda kwa fundi, akaongezewa vyuma viwili katika springi za nyuma. Kisha akatuita kwa furaha.

"Mwalimu, njoo utazame! Nimepakia mifuko 30 ya sementi, na gari halikuinama!"

"Vyema, baba. Mfuko una kilo 50. Basi umebeba kilo 1,500. Je, mtengenezaji ameruhusu kilo ngapi?"

"Elfu moja," akajibu, na sauti yake ikapungua.

Tufahamu vizuri. Springi hizo ni vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimelaliana kama kurasa za kitabu, navyo vimefungwa juu ya ekseli. Kukiongezwa chuma, springi huwa ngumu zaidi. Hilo si kosa. Mwenye kubeba kila siku mzigo ulioruhusiwa, na springi zake zimechoka, afanya vyema kuziimarisha, ingawa gari likiwa tupu litarukaruka. Lakini springi ni mgongo tu. Ekseli, beringi, matairi, fremu na breki zimebaki zilezile.

Tena kuna hatari iliyofichika. Pikapu nyingi zina kifaa kidogo chenye mkono uunganishao ekseli ya nyuma na fremu. Bodi ikishuka kwa uzito, kifaa huruhusu nguvu zaidi ya breki iende magurudumu ya nyuma. Bodi ikiwa juu, hupunguza nguvu hiyo, magurudumu yasije yakajifunga na gari likateleza. Sasa springi mpya zimeiinua bodi. Kifaa chadhani gari ni tupu, kumbe limelemewa! Katika mteremko dereva hukanyaga breki, na nyuma haimsaidii ipasavyo.

Kwa hiyo, anayebadili springi amwambie fundi arekebishe na kifaa hicho. Boliti zifungazo springi kwenye ekseli zikazwe tena baada ya safari za kwanza. Matairi yawe ya kufaa mzigo, na upepo wake upimwe. Zaidi ya yote, tuhesabu: mifuko 20 ya sementi peke yake ni kilo 1,000, kabla hajapanda mtu yeyote.

Jirani yetu alinung'unika: "Safari mbili zitakula mafuta yangu." Ni kweli, na fedha hazipatikani kwa urahisi. Tukamwuliza jambo moja tu: "Juu ya ile mifuko aliketi nani?" Alikuwa mwanawe.

Wazee walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gari halilalamiki, nasi twadhani halilemewi. Juzi tulimwona baba yule akipita kwenda kazini. Amepakia mifuko 18, na mtoto ameketi ndani, kando yake.