FAIBA AU SHABA? KAMPUNI ZETU ZIFUMBUE MACHO

Mwaka huu nimeonelea nitoe maoni juu ya jambo ambalo wengi husema ni la mafundi tu, nalo ni waya wa mtandao. Kampuni ikijenga ofisi Migori au Homa Bay, rangi ya ukuta huchaguliwa kwa makini, lakini waya hununuliwa wowote ule, bora bei iwe ya chini. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Kila mtandao wa kampuni una uti wa mgongo, yaani njia kuu ya kutoka jengo hadi jengo, ambamo kazi ya watu wote hupita. Tuchukue kiwanda cha sukari kwa mfano. Mizani ya miwa iko langoni, ofisi ya hesabu iko kwingine, mitambo iko mbali zaidi. Waya wa shaba wa kompyuta haupaswi kuzidi mita 100. Hata ule wa Cat 6, ukitaka upitishe gigabiti 10 kwa sekunde, mwisho wake ni kama mita 55. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na ile ya masafa marefu hupeleka kasi hiyo hiyo kilomita 10. Sasa jameni, hapo kuna mashindano?

Sababu ya pili ni radi. Sisi watu wa kando ya Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa radi ni nini. Ikipiga karibu, umeme hufuata shaba kutoka jengo moja hadi jingine na kuchoma swichi na kompyuta. Kioo hakipitishi umeme. Ila mnunuzi awe macho, kwani kebo nyingine za faiba zina ganda la chuma. Huku kwetu afadhali ile isiyo na chuma chochote.

Sababu ya tatu ni wezi. Shaba ina soko kwa wauza vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme. Mwizi akikata faiba, atamuuzia nani kioo?

Wapo watakaosema kwamba faiba ni mambo ya Nairobi, na ikikatika inataka mashine maalum na fundi aliyesomea. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kuwafundisha vijana kazi hiyo katika vyuo vyetu vya ufundi. Tena kampuni iweke njia mbili, sio moja. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na huku Kenya mtandao ukaanza kusuasua. Ikiwa wa baharini hukatika, sembuse wa mtaroni ambako kila mtu ana jembe?

Sisemi shaba itupwe. Kutoka swichi hadi mezani, ndani ya jengo moja, inatosha na bei yake ni nafuu. Mradi iwe shaba kamili, maana kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu juu tu.

Mtandao ukilala, bosi hurudi nyumbani na gari lake. Anayeumia ni mkulima aliyekwama kwenye mizani huku miwa yake ikikauka na uzito ukipungua. Kwa hivyo nawasihi wakubwa wetu, kabla ya kuuliza bei waulize kwanza: ni mita ngapi, radi je, na wezi je? Nasi wanafunzi tusikimbie fizikia, kwa maana mafundi wa kesho ni sisi.



Mwanachama, Kidato cha 3