TUZUNGUMZE: Basi la umeme la Uganda, na sisi wenye mashaka

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa kati ya vijana kiisha ibada: ile kampuni ya Uganda inayosema inatengeneza mabasi ya umeme, Kiira Motors, ni kazi ya kweli ao ni bongo?

Wamoja wanasema: "Ile ni politiki tu. Banaleta basi ya Chine, banabandika jina ya kwabo." Wengine wanajibu: "Kama ingekuwa ni Muzungu njo alifanya, mungeamini bila hata kuuliza." Maneno yote mawili yana ukweli ndani, na yote mawili yanaishia njiani.

Labda mzee mmoja atauliza: mabasi ya Kampala yanatuhusu nini sisi watu wa Katanga? Yanatuhusu sana, baba. Kongo yetu inatoa karibu robo tatu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo inaingia katika batri. Motoka za umeme zikisifiwa, bei inapanda. Zikitiliwa mashaka, bei inaanguka. Mwaka 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000. Mwezi wa pili 2025 ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 21,000, kwa sababu mali ilijaa sokoni na watengenezaji wengi, hasa kule Chine, walikuwa wamegeukia batri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti hata kidogo. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kobalti isitoke inchini. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025 inatoka kwa vipimo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Katika nyumba nyingi za watu wa migodi ile miezi ya kusimama haikusikilika redioni. Ilisikilika kwenye sahani ya bukari.

Basi tuingie Uganda. Kazi hii ilianza na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwezi wa kumi na moja 2011 walionyesha motoka ndogo ya viti viwili, Kiira EV, na rais Museveni mwenyewe alikuja kuizindua. Kiira ni jina la bwawa la umeme kule Jinja, kwenye mto Nile. Baadaye kampuni ikafanywa, serikali ikashika sehemu 96 kwa mia, Makerere 4. Shikeni neno hilo: 96 kwa mia ni pesa ya raia. Mama anayeuza nyanya sokoni Kampala ni mwenye kampuni bila yeye kujua. Kwa hiyo anapouliza "basi yangu iko wapi?", hana wivu wala hana roho mbaya. Anauliza mali yake.

Februari 2016 wakaonyesha basi lenye jina Kayoola, watu 35, likiwa na paneli za jua juu ya paa. Lilizinduliwa uwanjani Namboole, na uchaguzi wa rais ulikuwa tarehe 18 ya mwezi ule ule. Je, mungekuwa ninyi, mungefikiri nini? Waganda wengi walicheka. Magazeti ya ng'ambo yakaandika kwa furaha kwamba Afrika imepata basi linalotembea kwa jua. Sasa hapa vijana wa masomo ya hesabu washike kalamu, maana mashaka mazuri yanaanza na hesabu, hayaanzi na kicheko.

Paneli ya mita moja ya mraba, jua likiwa kichwani, inatoa wati 200 hivi. Tuseme paa la basi linabeba mita 15 za mraba: hiyo ni wati 3,000, yaani kilowati 3. Jua likiwaka vizuri saa tano, tumepata kilowati-saa 15. (Kilowati-saa moja ni kama fero kubwa ya kunyoosha manguo ikiwaka saa moja.) Basi la umeme linakula karibu kilowati-saa moja kwa kila kilomita. Kwa hiyo jua la siku nzima linalipeleka kilomita 15 tu! Walisema basi lao linafika kilomita 80. Halikuwa uongo, kwa sababu lilikuwa na batri zinazoweza kujazwa kwa umeme wa kawaida. Lakini lile jina "basi la jua", lililozunguka dunia nzima, lilikuwa kubwa kupita paa lenyewe. Anayejua hesabu hii hahitaji kumtukana mtu. Anauliza tu: na zile kilomita zingine zinatoka wapi?

Kisha ikaja habari ya tarehe, na hapo njo watu walichoka. Walikuwa wamesema kutengeneza kwa kuuza kutaanza 2018. Mwaka 2018 ukapita. Kiwanda cha Jinja kilianza kujengwa 2019, kwa mikono ya kampuni ya jeshi, na kilitangazwa kwa 2021. Na 2021 nayo ikapita. Mtu anayeahidi mara moja na kukosa, tunamvumilia. Anayeahidi mara tatu, hata mtoto anaanza kuhesabu kwa vidole. Katika Luka 14 Bwana Yesu alisema juu ya mtu wa mnara aliyeanza kujenga bila kuhesabu mali yake, na wapitaji wakamcheka. Sisi katika mahubiri tunamsema sana yule mjenzi. Mimi ninawafikiria pia wale wapitaji: walikuwa na macho, waliona msingi umekaa bila ukuta. Hatuwezi kuwaita wabaya kwa sababu waliona.

Kwa upande mwingine, tusifiche lililofanyika. Mwisho wa 2019 yalitoka mabasi mengine, Kayoola EVS, marefu, yanayobeba watu 90 wakikaa na kusimama, na yanayotajwa kufika kilomita 300 kwa kujaza batri mara moja. Haya hayasemi tena habari ya paa la jua. Yanachomekwa kwenye umeme. Yaliungwa Nakasongola, katika kiwanda cha jeshi, wakati Jinja ilikuwa bado udongo, na Wachina wa CHTC walishirikiana nao. Januari 2024 wageni wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipandishwa humo Kampala. Kwa hiyo yule anayesema "hakuna kitu" naye anasema uongo. Kitu kipo. Ulizo la kweli ni: ngapi, kwa bei gani, nani amenunua kwa pesa yake mwenyewe bila kusukumwa na serikali, na vipande vingapi vinafanyika pale pale?

Juu ya vipande vya Chine, nisimame kidogo, maana nimesikia vijana wetu wakicheka hapo zaidi. Hakuna kampuni ya motoka duniani inayofanya kila kipande peke yake. Kununua batri kwa wengine si aibu. Aibu ni kununua basi zima, kulipaka rangi, na kuita waandishi. Kati ya hayo mawili kuna njia ndefu, na kampuni ya kweli inaonyesha imefika wapi: mwaka huu tunachomelea bodi wenyewe, mwaka ujao viti, kisha waya. Mkubwa wa kampuni akiweza kusema hivyo wazi mbele ya mafundi, mashaka yanapungua bila kupigana nayo.

Na wale wanaofikiri kwamba bongo ya motoka ni ugonjwa wa Afrika peke yake, wasikie habari ya Marekani. Kulikuwa kampuni ya kamiyo za umeme na hidrojeni, Nikola. Mkubwa wake, Trevor Milton, alijua kusema. Mwezi wa kwanza 2018 walitoa filamu, kamiyo inakimbia barabarani, nzuri ajabu. Kumbe ilikuwa imevutwa mpaka juu ya mteremko na kuachiliwa ishuke yenyewe! Watu wakanunua sehemu za kampuni, na Juni 2020 soko liliipa bei kupita Ford, wakati haijauza kamiyo hata moja. Septemba 2020 kampuni ya watu wenye mashaka, Hindenburg, ikaandika yote. (Nao hawakuwa watakatifu: walikuwa wamejipanga kupata faida bei ikianguka. Mwenye mashaka naye apimwe, anakula wapi?) Oktoba 2022 baraza la mahakama lilimwona Milton na hatia ya kudanganya wanunuzi, na Desemba 2023 akahukumiwa miaka 4. Februari 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa sheria kwa kufilisika. Mwezi uliofuata rais Trump akamsamehe Milton. Lakini wale wadogo walioweka akiba yao ya uzee pale, msamaha ule haukuwarudishia kitu.

Tofauti iko wapi kati ya Kampala na Nikola? Kwa macho yangu, watu wa Kiira walichelewa na walisifiwa mno, Milton alidanganya. Kuchelewa na kudanganya si dhambi moja, hata kama kwa anayengoja vinafanana. Lakini mkubwa anayeficha kuchelewa kwake, kila mwaka tarehe mpya na wimbo mpya, anasogea polepole kuelekea kwa Milton bila kujiona.

Tomaso tunamsema vibaya kila mwaka kiisha Pasaka. Lakini angalieni Yohana 20: aliomba kugusa, na Bwana hakumfukuza, alimwonyesha mikono yake. Katika inchi yetu wakubwa wengi wangemfunga. Wazee wa hapa wanakumbuka Wadachi wa OTRAG, waliopewa sehemu kubwa ya kaskazini ya Shaba kwa kujaribu roketi. Juni 1978, mbele ya Mobutu mwenyewe, moja ikapanda kidogo na kuanguka. Nani alithubutu kuuliza ulizo wakati ule?

Leo tunaweza kuuliza, na tunayo sababu yetu wenyewe. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kutengeneza batri na vitu vyake hapa hapa, na mwezi ule ule kituo cha kutafuta elimu ya batri kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Desemba 2022 Marekani nayo ikaweka sahihi yake kusaidia. Vijana wanaofikiri kujifunza umeme ao kemia kwa ajili ya ahadi hiyo, wazazi wao wasiwakataze. Umeme na kemia vinafaa hata kiwanda cha batri kisipokuja, SNEL na migodi wanavitafuta. Lakini wasiuze kiwanja cha familia kwa sababu ya mtu aliyesema mkutanoni "kiwanda kinakuja".

Kikundi cha vijana kinaweza kuandika barua kwa kituo kile, kuomba kutembelea: kuona mashini kwa macho, kuuliza wanafunzi wangapi wamemaliza, na batri gani imefanyika pale na kujaribiwa. Toka Naviundu mpaka Chuo Kikuu ni safari ya asubuhi moja. Barua mbili, moja kwa mkubwa wa kituo na moja kwa walimu, zitatosha kuanza.