Mbwa mzee naye apimwe

Kuanzia Hola hadi Garsen, katika kaunti ya Tana River, daktari wa mifugo huitwa kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mbwa aliyelinda zizi miaka nenda miaka rudi, au paka wa ghalani, ni nadra kuulizwa hali.

Hilo si haki. Afikapo miaka saba hivi, mbwa wengi huanza kuzeeka: meno huoza, macho hufifia, viungo hukaza. Paka mzee huugua figo kimyakimya. Hukonda huku akinywa maji mengi.

Kenya imelenga kukomesha vifo vya watu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Siku ya chanjo hiyo, kaunti iagize mbwa na paka wazee wakaguliwe meno, macho na uzito.